Nilichoma karatasi ya dola themanini kwa wivu, nikaenda kuzitafuta kwenye robine ya Kasha

Wakuu, wakubwa shikamoo, vijana mko?

Karibu mwaka nasoma humu kimya kimya. Binti yangu wa mwisho ndiye alinifungulia akaunti, akaniambia, "Maman, soma, utacheka." Kweli nacheka.

Wiki hii nimesoma uzi wa yule ndugu aliyelipia friji kwa mtu binafsi, halafu muuzaji akazima simu. Comments zote ni nenda polisi, nenda polisi. Nikasema acha na mimi nitoe ya kwangu, ya wakati ambao hakukuwa na simu ya kuzima wala polisi wa kwenda.

Nitakayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na wakati ule chumvi yenyewe ilikuwa ghali.

Mimi ni mama wa Bukavu, Congo. Kiswahili chetu mnakijua, tunasema mutu pale mnaposema mtu, na Kifaransa kinajipenyeza bila kualikwa. Mkiona kosa msinisahihishe, mimi ni bibi ya mwalimu, yaani mke wake, nimesahihishwa vya kutosha.

Ilikuwa vita ya pili. Waasi wameshika mji, serikali iko Kinshasa, na kati yetu na Kinshasa ni pori na bunduki.

Bwana yangu, Papa Ansima, alikuwa anafundisha hesabu sekondari. Mshahara wa serikali ulishakuwa hadithi ya zamani. Walimu walilipwa na wazazi wa wanafunzi, kila mzazi anachanga kidogo, na mwezi ambao wazazi hawana, mwalimu naye hana. Tulikuwa na watoto watatu na nyumba ya kupanga Bagira.

Mimi nilikuwa nashona. Lakini mashine haikuwa yangu, ilikuwa ya jirani yetu, Maman Shantali. Nikishona bluzi mbili, bei ya moja ni yake. Na siku akiniamkia vibaya, mashine "imeharibika". Siku hiyo watoto wangu wanakunywa chai bila kitu na kulala.

Kwa hiyo mjue kabisa ndoto yangu ilikuwa nini. Mashine ya kushona ya miguu, iliyo yangu, ambayo hakuna mtu wa kuja kuniambia leo imeharibika.

Sasa niseme na ukweli mwingine kabla hamjausema nyinyi. Mimi nina wivu.

Si ule wivu wa kupita. Papa Ansima akisalimia mwanamke mmoja mara mbili kwa wiki, mimi nahesabu. Siku moja alisifu sombe, kisamvu chenu, ya mke wa mwalimu mwenzake, basi mwezi mzima hakuonja sombe nyumbani kwake. Mama yangu alikuwa anasema nilizaliwa nimekunja ngumi.

Na mwanaume mwenyewe alikuwa wa kutiliwa wivu, msinione mjinga. Mrefu, mpole, anaongea polepole kama mtu anayesoma misa. Mama za wanafunzi walikuwa wanamtumia salamu. Salamu za nini? Mtoto amefeli hesabu, salamu za nini?

Basi. Yalianza na velo.

Papa Ansima alikuwa na baiskeli, mali yake ya pekee. Alikuwa anaifuta kila Jumapili kuliko alivyokuwa anafuta viatu. Siku moja akarudi kwa miguu. Namuuliza velo iko wapi, anasema amemwazima mwalimu mwenzake.

Siku ya pili, kwa miguu. Wiki ya pili, kwa miguu, ndani ya matope ya Bagira, mvua inamnyeshea, na anapiga mluzi.

Wakuu, nisaidieni. Mwanaume wa wakati wa vita, tumbo nusu, viatu vimefunguka midomo, anapiga mluzi! Mwanaume wa hivyo anapiga mluzi kwa sababu ya nini kama si mwanamke?

Nikanyamaza. Nikasubiri. Mwenye wivu anajua kusubiri kuliko paka.

Jumatano moja nafua nguo. Nachukua shati lake la bluu, naingiza vidole kwenye mfuko wa kifuani kama kawaida yangu (nakagua kila mfuko, ndiyo, na sijaacha), nakuta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne.

Kifaransa. Mwandiko wake mzuri ule wa ubaoni. Maana yake ilikuwa hivi: mimi Noëlla, mkaaji wa Kasha, nimepokea kwa Bwana fulani dola themanini, tumepatana Jumamosi ya kabla ya Pasaka, kwangu. Sahihi mbili. Yake na ya huyo Noëlla, imepinda kwa madaha.

Kwetu karatasi ya namna hiyo tunaita décharge. Huko Bukavu hakuna mtu anauza mbuzi, kitanda wala kipande cha shamba bila décharge. Wakati hakuna jaji, karatasi ndiyo jaji. Hilo nalijua tangu mtoto.

Lakini mimi sikuona décharge. Niliona Noëlla. Niliona "kwangu". Niliona dola themanini, na watoto wangu wamekunywa chai bila kitu siku mbili.

Sabuni nikaiacha ndani ya maji. Niliinuka na mapovu yangu, nikaenda kwenye babula ambapo maharage yalikuwa yanatokota, nikaisokomeza ile karatasi ndani ya makaa. Nikasimama hapo mpaka ikawa jivu.

Halafu nikavua kitambaa cha jikoni, nikafunga kiunoni pagne nyingine juu ya ile niliyovaa, ya vita hiyo, nikashuka Kasha.

Kasha ni quartier ya hapo hapo Bagira, pembezoni. Maji yalikuwa yanatoka siku moja, siku mbili hakuna. Siku hiyo yalikuwa yanatoka, kwa hiyo robine ya pale, bomba la watu wote, ilikuwa imejaa. Mabido ya njano ya kuchotea maji yamepanga mstari, wanawake wamekaa juu yake wanachambuana habari.

Nikauliza, "Noëlla ni nani hapa?"

Mwanamke mmoja akageuka.

Wakuu, alikuwa mzuri. Nilikuwa nimeomba njiani awe mbaya, angalau awe na meno yaliyochakaa. Hapana. Shingo ndefu, pagne safi, nywele zimesukwa juzi. Nilijiona mimi na mapovu yangu kwenye viwiko, nikazidi kuwaka.

"Ni weye? Bwana yangu alikupatia dola makumi munane ya nini?"

Akashtuka, akatazama pembeni. "Maman, tuliza roho. Tuende kwangu tuongee."

"Kwako? Kule njo anakuyaka?"

Mstari wote wa robine ukanyamaza. Hata maji nadhani yalinyamaza. Na mimi nikishaona watu wananisikiliza, mdomo wangu unaota miguu.

Nikasema yote. Nikasema ni malaya. Nikasema amekula chakula cha watoto watatu. Nikasema, "Karatasi yenu nimeichoma! Iko majivu!" Na kwa sababu nilitaka kumkata kabisa, ajue hajapata chochote cha maana, nikamalizia hivi:

"Na huyo bwana mwenyewe unayeninyang'anya, hana kitu! Mimi kwangu anarudiaka na vumbi ya chaki tu!"

Wanawake wakacheka. Mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Kumbukeni neno hilo la chaki, litarudi.

Noëlla akashusha bido lake chini. Mlangoni pa nyumba ya karibu alikuwa amesimama kikongwe mmoja na fimbo, anatazama. Baadaye nilijua ni mama mkwe wake. Noëlla akamtazama yule kikongwe, akageukia mstari mzima, akapaza sauti kuliko mimi:

"Sikilizeni bote! Bwana ya huyu mama hajanigusa hata kidole! Alinipatia dola makumi munane juu ya mashini ya kushona! Mashini! Aende amuulize!"

Nikamwambia asinidanganye. Lakini neno mashini lilikuwa limeshaingia sikioni, na nilipanda kurudi nyumbani nikilirudia.

Nikamkuta Papa Ansima anasahihisha madaftari. Nikasema jina moja tu, Noëlla.

Akaweka kalamu chini. Akacheka kidogo kwa aibu, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Akasema velo aliiuza. Noëlla ana mashine ya miguu ndani ya nyumba haitumii, mume wake alimnunulia kabla ya vita. Walipatana ailipe yote mara moja, aichukue Jumamosi ya kabla ya Pasaka, mimi nikiwa kanisani, nikirudi nikute mashine katikati ya nyumba. Ndiyo maana hakuandika neno mashine kwenye karatasi. Aliniogopa, anajua nakagua mifuko.

Halafu akauliza, "Karatasi uliiona wapi? Ilete, niiweke."

Mimi nikatazama babula.

Akafuata macho yangu. Akaelewa. Akarudi kwenye madaftari yake. Bora angevunja sahani.

Jumamosi ya mapatano akaenda Kasha na mkokoteni wa kuazima. Akarudi na mkokoteni mtupu.

Noëlla amemwambia, mbele ya mlango, kwa adabu zote: "Prof, franga gani? Kama ulinipatia franga, onyesha décharge."

Na alijua haipo. Nani alimwambia haipo? Mimi mwenyewe, kwa sauti, na kwa kurudia.

Hapo sasa ndipo mateso yangu yalipoanza. Papa Ansima kwa miguu kila asubuhi. Mimi kwa Maman Shantali, nusu ya kila nguo. Na nyumbani kimya. Mwanaume huyu hakunitukana hata siku moja, alikuwa ananiambia "aksanti" nikimpa maji, basi. Hiyo aksanti ilikuwa inanichoma kuliko makaa.

Maman Shantali akanipa ushauri wa wakati ule. "Unahangaika bure. Pale kwenye position kuna wanajeshi, wapatie sigara na dola kumi. Wakimupitisha kule siku moja tu, atatapika franga yote."

Msishangae. Watu wengi walifanya hivyo. Ulikuwa unadai mtu, unampeleka kwa wenye bunduki, wanakula nusu, wewe unapata nusu. Na mwanamke akipelekwa kule, mnaelewa, siandiki.

Nikampelekea Papa Ansima wazo hilo. Ni mara ya kwanza kumwona amekasirika kweli.

"Mimi sipeleke mwanamuke kwa basoda juu ya mashini. Hata kama ingekuwa dola elfu."

Mtu mwenye akili angesema Mungu asante kwa mume wa namna hii. Mimi, wakuu, najiandika nilivyo: nilichosikia ni kwamba anamhurumia. Anamhurumia Noëlla! Mimi nashona kwa mashine ya watu, yeye anamhurumia yule wa shingo ndefu! Nililala nimegeukia ukuta.

Wazo zuri lilinijia nikiwa nachota maji. Nimekaa juu ya bido langu, wanawake wananong'ona, mmoja anasimulia ugomvi wa watu wa avenue nyingine, neno kwa neno, na mikono na macho. Nikajisemea, ee Yesu wangu. Robine inasikia kila kitu na haisahau.

Noëlla alisema mwenyewe. Mbele ya mstari mzima. "Alinipatia dola makumi munane juu ya mashini ya kushona." Karatasi imekufa lakini masikio yako hai!

Nikarudi Kasha. Safari hii bila pagne ya vita, na sambaza kidogo mkononi, dagaa wa ziwa letu, za kuwalainisha. Nikawatafuta wale wanawake mmoja mmoja. Watatu walikuwa wanakumbuka kila kitu, nikawaomba wakaseme kwa chef d'avenue, mkubwa wa mtaa. Mkubwa wao, mama mmoja wa kwaya, akaniambia:

"Tutakuja kwa chef. Lakini sisi tutasema yote. Hatukati kati. Aliyosema yeye, na uliyosema weye."

Nikasema sawa, bila hata kufikiri. Nilikuwa na hamu ya kumwona Noëlla anaaibika.

Hao hao ndio walionieleza mambo yake. Mume wake alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, vita ikafunga njia, mwaka wa pili hakuna barua wala mtu aliyemwona. Nyumba ni ya ukoo wa mume. Mama mkwe anakaa mlango wa pili, fimbo mkononi, anasubiri kosa moja tu amrudishe kwao. Niliposikia hivyo sikumwonea huruma. Nilifurahi kwamba nimepata pa kubana.

Chef d'avenue akatuita Jumapili, baada ya misa ya pili, uani kwake. Desturi ni kwamba anayeshindwa analipa kasiksi, pombe ya ndizi, wazee wanywe. Dumu lilikuwa limeshawekwa chini ya ukuta, linasubiri kujua ni la nani.

Papa Ansima alivaa koti lake la shule. Noëlla alikuja na pagne nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona nazo, na Papa Ansima akasimama kumsalimia. Akasimama! Nikamvuta koti akakaa.

Uani walikuwepo wazazi wa wanafunzi wake wanne au watano. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mama wa kwaya akaanza. Wakuu, yule mama alikuwa na kipaji. Alisimulia na mikono yangu, na macho yangu, na sauti yangu. Malaya, alisema. Chakula cha watoto watatu, alisema. Watu wakaanza kucheka chini chini. Nikataka kumwashiria aruke mbele, akanitazama kama anayesema tulipatana.

"Halafu huyu mama akasema, huyo bwana mwenyewe hana kitu, mimi kwangu anarudiaka na vumbi ya chaki tu."

Mzazi mmoja alicheka kwa sauti, akajikamata.

Papa Ansima alikuwa anatazama mikono yake. Miaka yote ile hakuwa na mshahara, lakini kila asubuhi alikwenda amepiga pasi. Kitu alichobaki nacho Bagira nzima ni hilo neno "Prof", na mimi nilikuwa nimelitupa kwenye matope ya robine, na sasa linaokotwa mbele yake na kuonyeshwa kila mtu. Akapangusa mkono wa koti lake, taratibu, mahali ambapo hapakuwa na chaki.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama wa kwaya alikuwa hajamaliza, na kwa kweli ni kwa ajili ya sehemu hiyo tulikuja.

"Noëlla naye akajibu, hajanigusa hata kidole, alinipatia dola makumi munane juu ya mashini ya kushona."

Wale wawili wakasema ndivyo, ndivyo.

Chef akamgeukia Noëlla. "Ulisema?"

Noëlla akarekebisha pagne yake. "Nilisema juu ya kumunyamazisha. Alikuwa ananitukana."

Hapo nikasimama mimi. Chef alinikataza, sikusikia.

"Sawa. Kama ile franga haikuwa ya mashini, basi ilikuwa ya nini? Franga nilisoma na macho yangu, na sahihi yako ilikuwa pale. Bwana ya mutu alikupatia dola makumi munane. Chagua. Ni ya mashini ao ni ya mapenzi?"

Yule kikongwe mwenye fimbo alikuwa mstari wa mbele, ameinama mbele kusikia jibu vizuri.

Noëlla akamtazama mama mkwe. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimemfunga pande zote na nilikuwa najua. Akisema ya mashine, analipa. Akikataa, anarudi kwao na jina la malaya, na mume akirudi kutoka Shabunda anakuta nyumba haina mtu.

"Ya mashini," akasema. Kwa sauti ndogo.

Kumbe mashine yenyewe mama mkwe alishamkataza kuiuza. Kikongwe alisema hapo hapo kwamba ni mali ya mtoto wake, haitoki. Basi chef akakata hivi: Noëlla atarudisha dola themanini kwa mara tatu, na dumu la kasiksi ni lake.

Mimi nikaongeza sharti. Franga ziletwe kwangu, mkononi mwangu, zisipite kwa bwana. Wazee wakacheka. Chef akasema, "Mama Ansima, wivu yako itakuzika." Lakini akaandika.

Na safari hii karatasi ilikuwa na kila kitu, wakuu. Mashine, ya miguu, bei, siku, mashahidi watatu.

Noëlla alileta mara ya kwanza, akaleta mara ya pili. Aliuza pagne zake, moja moja. Nilikuwa napanga aje saa ambazo Papa Ansima yuko shuleni.

Mara ya tatu alikuja bila pagne nzuri, na nywele hazikusukwa. Akahesabu noti mezani, nikampa karatasi asaini, akasaini. Nilitegemea nitajisikia mshindi. Akaomba maji ya kunywa, nikampa. Akanywa amesimama, akasema hivi, neno kwa neno sijasahau:

"Mama Ansima, siku ile ulikuya kunitukana kwa robine, franga ya bwana yako ilikuwa ndani ya sanduku, yote. Koko, mama mukwe, alikuwa ameshakataza mashini itoke. Nilikuwa nangojea Prof apite nimurudishie. Halafu ukakuya weye. Nikasikia bwana wako aliuza velo yake. Wangu, sijui hata kama iko muzima. Wako anatembea mu matope juu yako, na weye unasema analetaka vumbi ya chaki. Nilikuonea wivu, Maman. Nikasema hapana, huyu hajui kitu iko nacho. Acha apoteze."

Akaweka kikombe, akaaga, akaenda.

Nilikaa na zile dola mezani muda mrefu. Miaka yote nilidhani wivu ni wangu peke yangu, nimeubeba kwa wanawake wote wa Bukavu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mwanamke angeweza kunionea wivu mimi, mwenye mapovu kwenye viwiko.

Mashine tukanunua kwa mtu mwingine, hapo hapo Bagira. Décharge mistari kumi na mbili. Maman Shantali hakunisalimia mwezi mzima.

Mashine ilipofika nikafunga uzi, nikafuta pédale, nikamwambia Papa Ansima, lete nguo yako, wewe uwe wa kwanza. Nilitaka kumwambia samahani na sikujua pa kuanzia, nikasema nitamshonea kitu.

Akaenda ndani, akaniletea lile shati la bluu. Halikuchanika popote. Nikamuuliza nishone nini.

Akaweka kidole kwenye mfuko wa kifuani.

"Huu," akasema. "Uufunge."

Nikaufunga. Mshono mara mbili. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akalivaa, akaniambia aksanti, akaenda shuleni kwa miguu.

Mpaka leo, wakuu, na amestaafu, hana shati hata moja lenye mfuko ulio wazi. Kila shati jipya analeta, anaweka kidole, mimi nashona.

Sasa mafunzo, kwa yule ndugu wa friji na wengine.

Unaponunua kwa mtu binafsi, andika kitu chenyewe kwa jina lake, na weka shahidi. Usifiche kwa sababu unataka kumfurahisha mtu, hata mke. Uliza pia kama anayeuza ndiye mwenye mali. Karatasi ikipotea usikate tamaa, tafuta masikio, kuna mahali huyo mtu alisema. Na usimpeleke mtu kwa mwenye bunduki, hilo bwana yangu alikuwa sahihi ingawa lilinikera.

La mwisho ni la wenye wivu wenzangu. Kabla hujachoma, soma mara mbili. Kabla hujapiga kelele, jua kwamba utakayosema yatasimuliwa siku moja mbele ya yule uliyemsema, na msimuliaji hatakata kati.

Karibuni mtoe maoni, hata ya kunichapa, nimezoea. Ila kuna swali moja nataka mnijibu, wanaume hasa, kwa sababu miaka yote hii nashona ile mifuko na sijathubutu kumuuliza mwenyewe.

Alinisamehe, au hajanisamehe?